Maisha ya Wanakijiji wa Cerén Chini ya Majivu

Mwaka 615 BK, katika mji wa Palenque ulioko kusini mwa Meksiko ya leo, mtoto wa miaka 12 aliyeitwa K'inich Janaab Pakal alitawazwa kuwa mfalme wa Wamaya wa huko. Siku aliyozaliwa inajulikana, siku aliyotawazwa inajulikana, na siku aliyofariki mwaka 683 inajulikana pia, kwa kuwa zote zilichongwa juu ya mawe. Kaburi lake lilipofunguliwa mwaka 1952 chini ya hekalu kubwa, alikutwa amefunikwa uso kwa barakoa ya vito vya kijani. Ukifungua kitabu kuhusu Wamaya wa kale, ndugu msomaji, utakutana naye mapema, au utakutana na mfalme mwenzake wa Tikal au wa Copán. Mkulima utamtafuta sana.

Na bado wafalme hao hawakushika jembe. Mahindi waliyokula yalitoka kwa watu walioishi katika nyumba za miti na udongo, na nyumba ya namna hiyo ikiachwa haidumu. Paa huvuja, mvua huumomonyoa ukuta, mchwa huzimaliza nguzo, na baada ya miaka michache hubaki kichuguu kidogo chenye majani juu yake. Mwanaakiolojia akipita hapo miaka 1,000 baadaye huokota vigae na mawe ya kusagia, kisha hukisia yaliyobaki. Ndiyo maana habari za wafalme hutujia zikiwa na tarehe, na habari za wanaowalisha hutujia kwa kukisia.

Kuna mahali pamoja katika Amerika ya Kati ambapo hatulazimiki kukisia sana. Panaitwa Joya de Cerén, katika bonde la Zapotitán nchini El Salvador, pembezoni mwa kusini-mashariki mwa eneo la Wamaya. Watu wa Cerén waliishi katika zama zilezile za Pakal. Hatujui jina la hata mmoja wao, ila tunajua walipoficha visu vyao.

Tuanze na volkano. Wengi wetu katika ukanda huu tukilisikia neno hilo tunafikiri lava, kama ile ya mlima Nyiragongo iliyoteremka hadi katikati ya mji wa Goma mnamo Januari 2002. Lava huunguza na kuponda kila inachokipitia. Kilichoifunika Cerén kilikuwa kitu kingine. Miamba iliyoyeyuka ilipanda kutoka chini ya ardhi mahali paitwapo Loma Caldera, umbali usiofika hata kilomita moja kutoka kijijini, ikakutana na maji ya mto. Maji yaligeuka mvuke kwa ghafla, na mlipuko ukarusha majivu laini yaliyolowa. Majivu hayo ya kwanza hayakuwa na moto wa kuunguza nyasi. Yaliingia kila ufa, yakashika kila jani na kila shina kama udongo wa mfinyanzi. Baadaye ndipo yalipofuata mawe ya moto yaliyotoboa mapaa na kuyawasha. Majivu laini na mawe viliendelea kupokezana, tabaka juu ya tabaka, hadi matabaka 14, na kijiji kikawa chini ya mita 4 hadi 8 za majivu. Yote hayo yalitokea karibu na mwaka 600 BK au miongo michache baada yake.

Kisha kijiji kilisahauliwa kwa zaidi ya miaka 1,300. Mwaka 1976 tingatinga lilikuwa likisawazisha ardhi ili yajengwe maghala ya nafaka, likakata ukuta wa udongo na sakafu iliyokuwa imezikwa. Habari zilifika kwa wahusika wa makumbusho ya taifa, lakini nyasi za paa zilikuwa katika hali nzuri mno kiasi kwamba ilidhaniwa nyumba hiyo ni ya juzi tu, na kazi ya tingatinga ikaendelea. Nyumba kadhaa zilipotea hivyo. Mwaka 1978 mwanaakiolojia Payson Sheets wa Chuo Kikuu cha Colorado alifika, akachukua vipande vya nyasi hizo na kuvipeleka maabara vipimwe umri kwa njia ya kaboni. Majibu yalionyesha kuwa nyasi hizo zilikuwa na umri wa karne nyingi. Uchimbaji ulianza, ukakatizwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoitesa El Salvador kuanzia mwaka 1980, ukarejewa mwaka 1989. Mwaka 1993, mwaka mmoja tu baada ya amani kusainiwa, UNESCO iliitangaza Joya de Cerén kuwa urithi wa dunia.

Watangazaji wa utalii hupenda kuiita Pompei ya Amerika. Jina hilo mimi silipendi sana. Pompei, mji wa Warumi uliozikwa na majivu ya mlima Vesuvio mwaka 79 BK, ulikuwa na matajiri, mahekalu ya mawe na majumba yenye picha za ukutani. Cerén ilikuwa kijiji cha wakulima, na thamani yake yote inatokana na hilo. Kinachofanana ni mbinu moja ya uchimbaji. Mimea na vitu vya miti vilipooza ndani ya majivu viliacha uwazi wenye umbo lao halisi. Wachimbaji wakiona tundu, humulika ndani kwa uangalifu, kisha humimina plasta laini ya aina itumiwayo na madaktari wa meno. Plasta ikikauka, majivu huondolewa, na mbele yako husimama muhindi wa mwaka 600 BK, na majani yake na gunzi lake.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, msomaji. Kila kaya haikuwa na nyumba moja bali majengo kadhaa yaliyokaa karibu karibu: nyumba ya kulala, ghala, na jiko lililojitenga. Jiko la kaya iliyochimbuliwa kwanza lilikuwa la duara, la miti na nyasi, mfano wa nyumba ya msonge. Nyumba ya kulala ilisimama juu ya jukwaa la udongo uliochomwa kidogo ili kuwa mgumu. Kuta zake zilikuwa za fito zilizosimikwa wima na kukandikwa udongo, na paa liliezekwa kwa nyasi. Msomaji aliyekulia kijijini katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hatahitaji mchoro. Ujenzi huo ulikuwa na busara yake: bonde lile hutikiswa na matetemeko, na ukuta wa fito hupinda na kurudi, tofauti na ukuta wa matofali mabichi unaomwangukia aliyelala.

Ndani kulikuwa na kitanda cha udongo kilichojengwa pamoja na sakafu. Mikeka ya kulalia ilikutwa ingali imekunjwa na kuwekwa juu. Vyombo vya chakula vilikuwa vimeshatumika, havijaoshwa. Katika kimoja imebaki michirizi ya vidole vya mtu aliyekuwa akila. Kwa hiyo watafiti wanasema mlipuko ulikuja jioni, baada ya chakula na kabla ya usingizi. Hata msimu unajulikana. Shambani, mahindi yaliyokomaa yalikuwa yamekunjwa shina ili magunzi yakauke yakielekea chini bila kuingia maji ya mvua, desturi ambayo wakulima wa Amerika ya Kati wanaendelea nayo hadi leo. Hilo na ukuaji wa mimea mingine vinaelekeza kwenye mwezi wa Agosti. Mwaka wenyewe unabishaniwa kwa miongo, lakini mwezi na saa tunavyo. Sijui mahali pengine penye kituko kama hicho.

Ghalani na jikoni kulikuwa na mitungi na magudulia ya maharagwe, mahindi, pilipili na mbegu za kakao. Kaya moja pekee ilikuwa na vyombo vya udongo takriban 70. Panya walikutwa ndani ya nyasi za paa. Bata mmoja alikutwa amefungwa kamba, na kwa kuwa alifungwa hakuweza kukimbia. Visu vya obsidiani, yaani vile vya kioo cheusi cha volkano ambavyo hukata kama wembe, vilichomekwa kwenye nyasi za paa, mahali ambapo mkono wa mtu mzima hufika na wa mtoto haufiki. Nimesoma maandishi mengi kuhusu Wamaya, yenye vita, kafara na kalenda, lakini jambo dogo hilo ndilo hunisogeza karibu nao kuliko yote. Mzazi mmoja aliinua mkono na kukiweka kisu juu, kama ambavyo mamilioni ya wazazi wamefanya jana na juzi.

Obsidiani haikupatikana kijijini. Ilitoka Ixtepeque, katika Guatemala ya leo. Shoka la jiwe la kijani liitwalo jade nalo lilitoka mbali, na hata vyombo vilivyopambwa kwa rangi nyingi vilinunuliwa nje. Wanakijiji walivilipiaje? Hapa pana jambo la kuvutia. Kila kaya ilitengeneza kitu fulani zaidi ya mahitaji yake. Moja ilichonga mawe ya kusagia, nyingine ilipaka rangi vibuyu, nyingine ilipanda bustani ya agave, mimea iliyo jamaa ya mkonge wetu, ikapata nyuzi za kusokota kamba. Ziada hiyo ilibadilishwa kwa majirani na katika masoko ya bonde. Sheets anashikilia kwamba palikuwa na masoko zaidi ya moja, hivyo mkulima aliyeona bei ya mahali fulani ni ya kumuumiza aliweza kugeuza miguu na kwenda kwingine.

Umbali wa takriban kilomita 5 kutoka Cerén kuna San Andrés, makao ya watawala wa bonde, yenye piramidi na uwanja mkubwa. Katika picha ya kawaida ya Wamaya, mamlaka hushuka kutoka juu ya piramidi hadi kwenye jembe la mkulima: nini kilimwe, kilimwe vipi, nani apate nini. Cerén inaitia picha hiyo doa. Ndani ya kijiji kilichochimbuliwa hapaonekani alama ya ofisa wa mfalme. Yaonekanayo ni mambo ambayo wanakijiji waliyaendesha wenyewe.

Tazama kwanza jengo kubwa lenye kuta nene, lisilo na vyombo vya kupikia wala mikeka. Katika chumba chake cha mbele yamejengwa mabenchi mawili ya udongo, na humo ulikutwa mtungi mkubwa ambao huenda ulikuwa wa kinywaji cha kugawia watu. Wachimbaji wanaliona kuwa jengo la mikutano ya kijiji. Sisi tunaotumia Kiswahili tuna neno linalolitosha jengo hilo kuliko maneno ya lugha nyingi: baraza. Baraza ni kile kiti kirefu cha udongo au saruji mbele ya nyumba, na baraza ni kikao cha watu wanaoamua mambo. Kiti na kikao vimeshirikiana jina moja kwa sababu watu walikaa hapo ndipo wakaamua. Huko Cerén, hayo mabenchi mawili yamebaki. Maneno yaliyosemwa juu yake hayakubaki.

Lipo pia hamamu, nyumba ya kuogea mvuke, yenye kuba la udongo lililofunikwa kwa paa la nyasi ili mvua isiliharibu. Katikati kulikuwa na tanuru dogo la mawe, na pembeni pana pa kukalia watu kumi na kitu. Waliwasha moto, wakamwagia mawe maji, mvuke ukajaa. Kaya iliyokuwa jirani ndiyo inayoelekea kuwa ililitunza. Kaya ya kwanza niliyoitaja ilikuwa karibu na jengo la sherehe, ambamo lilipatikana fuvu la paa lililopakwa rangi nyekundu, la kuvaliwa kichwani wakati wa ngoma au ibada, pamoja na vyombo vya kuandalia karamu. Jengo jingine dogo, lenye madirisha ya fito zilizopishana, huaminika kuwa la mpiga ramli. Vitu vilivyoachwa humo ni vya aina inayohusishwa na kazi za wanawake, na miongoni mwake kulikuwa na fungu la maharagwe, yumkini ya kutupwa na kusomwa. Mwanamke huyo, kama tafsiri hiyo ni sahihi, alikuwa mtu ambaye wengine walimwendea kwa ushauri.

Nisieleweke kuwa nadai Cerén ilikuwa pepo ya watu huru. Obsidiani ilipitia mikononi mwa wakubwa kabla ya kumfikia mkulima, na piramidi za San Andrés hazikujijenga. Ninachosema ni kwamba mamlaka ya wakubwa hao yalikuwa na mpaka, na shughuli nyingi za siku kwa siku zilikuwa upande wa huku wa mpaka huo.

Ushahidi mzuri zaidi uko shambani, na hapa tunafika kwenye muhogo. Mwaka 2007 kundi la Sheets, likichimba nje ya makazi, lilikuta matuta makubwa. Lilipomimina plasta katika matundu, yalitokea mashina na mizizi ya muhogo. Kabla ya hapo wataalamu walibishana kama Wamaya wa kale walilima muhogo kwa wingi, maana mizizi haiachi mabaki kama nafaka. Sasa lilikuwepo shamba zima. Muhogo mwingi ulikuwa umevunwa siku chache tu kabla ya mlipuko, kadirio likiwa takriban tani 10, na vipande vya mashina vilikuwa vimeshalazwa ardhini kwa ajili ya zao lijalo. Matuta hayakufanana. Upande mmoja wa mpaka yalikuwa mapana, upande mwingine membamba. Mkulima huyu aliyanyoosha, jirani yake hakujali. Msimamizi mmoja angeamrisha, shamba lote lingekuwa na sura moja. Tofauti hizo ndogo zinaonyesha kwamba kila mtu aliamua namna ya kulima kipande chake.

Wewe unayejifunza Kiswahili umeshayaona majina ya mazao haya tangu somo la chakula: mahindi, muhogo, maharagwe, pilipili, kakao, mapera. Yote yalilimwa Amerika maelfu ya maili kutoka hapa, na hapakuwa na mtu wa pwani ya Afrika Mashariki aliyepata kuonja muhogo siku Cerén ilipozikwa. Muhogo na mahindi vilivuka bahari baada ya Wareno kuanza safari zao, kuanzia karne ya 16. Neno lenyewe mahindi limebeba jina la Hindi, kana kwamba zao lilitoka Bara Hindi. Lugha ilipokea mgeni ikamwandikia anwani isiyo yake. Mkonge ulifika baadaye sana, mwaka 1893, ulipoletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf, na asili yake ni upande wa Yucatán, nchi ya Wamaya. Ugali wa mahindi na kisamvu ni vya kwetu sasa bila shaka yoyote. Lakini ujuzi wa kuchagua mbegu, kukata shina la muhogo kwa urefu unaofaa na kulilaza tutani ulikusanywa kwanza na wakulima wa Amerika, wa aina ya hao wa Cerén, kwa vizazi ambavyo hakuna jiwe lililochongwa kuvitaja.

Nimeiacha barabara hadi mwisho kwa kuwa nayo iligunduliwa baadaye, mwaka 2011. Wamaya walijenga njia ziitwazo sacbe, maana yake njia nyeupe, na wataalamu walizoea kuziona zimejengwa kwa mawe na chokaa mijini, kwa amri ya wafalme. Ya Cerén ilikuwa ya udongo. Ina upana wa takriban mita 2, imeshindiliwa kwa majivu meupe ya Ilopango, volkano nyingine iliyolipuka kabla ya kijiji kuanzishwa na kuiangamiza nchi ile. Waliokuja kuishi hapo baada yake waliyachukua majivu ya msiba wa zamani wakayafanya sakafu ya njia yao. Kando zote mbili kuna mifereji ya kupitisha maji ya mvua. Nayo, kama matuta ya muhogo, haifanani mahali pote: kina na umbo la mfereji vinabadilika kadiri unavyosogea, jambo linaloashiria kwamba kila mwenye shamba alitunza kipande kilichopakana naye. Njia moja, wajibu mmoja, mikono mingi isiyofanana.

Katika sehemu ya kijiji iliyochimbuliwa haijapatikana maiti hata moja. Majengo yapatayo 12 yamechimbuliwa, mengine yangali chini ya majivu, na wachimbaji hawana haraka nayo, maana kinachofunuliwa huanza kuharibika kwa hewa na unyevu na huhitaji kujengewa paa. Inaelekea ardhi ilitetemeka kwanza, au mvuke ulisikika ukipiga mluzi, na watu wakapata dakika chache. Waliacha jade, waliacha kakao, waliacha chakula chombo kikiwa hakijaoshwa. Hakuna aliyerudi kumfungua bata.

Juu ya ile njia nyeupe, udongo ukiwa umelowa, zimebaki nyayo za watu. Zinaelekea kusini, na Loma Caldera iko kaskazini.